Bibie Hataki Kula

Mwezi wa kumi na moja 2023, ile mvua ya El Niño ilivyotushika hapa Malindi, maji yaliniingilia karakana mara mbili ndani ya wiki moja, na ile mara ya pili meza yangu ya kukatia vioo ikavimba kama andazi, nikasema basi, nikaagiza mawe niinue kizingiti. Yakaja na lori, mawe ya timbo hasa, yale meupe yenye vitundu kama vibibi. Dogo wangu wa kazi akageuza moja, akaruka, akalitupa, ati bosi kuna tandu.

Hakuwa tandu. Alikua buibui, miguu na yote ukimfunika kwa shilingi kumi anapotea, rangi ya mchanga uliolowa, na mgongoni ana mistari imetoka katikati kama miale ya jua vile watoto wanavyolichora. Nikainama nimwone vizuri, na alivyohisi kivuli changu hakukimbia. Alisimama. Akainua miguu ya mbele juu kabisa, kama mtu anakwambia haya, njoo basi. Kitu ukubwa wa kifungo cha kanzu kinanitishia mie na kilo zangu tisini! Nikampenda pale pale.

Nlimtia kwenye kile kikombe kidogo cha kupimia dawa ya kikohozi, nikafunika kwa kipande cha nailoni, nikakitoboa kwa sindano, nikaenda nacho nyumbani mfukoni. Mamangu alikua anakuna nazi.

"Mama, nimekuja na buibui."

"La saizi gani?"

"Dogo, lakini litakua."

Akaacha mbuzi akanitazama, manake buibui lake la kutokea lilikua limechanika upindo tangu Maulidi na nlikua nimeahidi. Nikamwonyesha kikombe. Akakaa kimya kidogo, afu akasema wallahi hatuui buibui nyumba hii, wao ndio waliomfunikia Mtume mlango wa pango la Thaur, lakini mie na yeye chumba kimoja hatulali. Kisha, kabla hata hajarudi kwa nazi yake, akauliza: "Ashakula?"

Na hapo ndipo matatizo yangu yote yalipoanzia, kwa hilo swali, manake sisi watu wa huku mtu hajavua viatu ushamwekea sahani, na ukikataa unaulizwa umekosewa nini. Mwaka mmoja na nusu nliokaa na yule mdudu (najua si mdudu, miguu minane, tulieni) niliutumia karibu wote kujifunza kutompa.

Picha nlizipeleka kwa watu wanaojua mambo haya wakaniambia ni wale wanaoitwa buibui-nyani, kwa sababu ncha za miguu yao ni nene zina manyoya kama vidole vya nyani. Jina lake la kitaalamu Pterinochilus murinus, Mwingereza mmoja kwa jina Pocock ndiye aliyemwandika mwaka 1897, na yuko sehemu nyingi za Afrika, kuanzia huku kwetu mashariki mpaka Angola. Wazungu wanamfuga kwa maelfu. Kule kwenye baridi wanamwekea mpaka hita, kuna watu wana chumba kizima cha kupashia moto buibui wa kwetu, na sisi tunampiga ndara.

Kitu cha kwanza walichonionya: huyu si wa kushikwa. Wale matarantula, yaani buibui wakubwa wa manyoya, wa Marekani, wale wanaopigwa picha wamekaa mkononi mwa mtoto, silaha yao ni manyoya ya tumboni, wanayapangusa kwa mguu yakurukie yakuwashe. Wa Afrika hawana hayo manyoya. Wao wana meno na sumu iliyo kali kuliko ya wale, na mbio. Watu waliowahi kuumwa na huyu wanaeleza maumivu makali ya masaa na misuli kukaza hata siku kadhaa baadaye. Hakuui, lakini utatamani. Kwaivo naandika hapa mtu aliyemlea tangu mdogo na hajamgusa kwa kidole hata siku moja, na sioni kama nimekosa kitu.

Nikamwita Bibie. Sikujua ni dume au jike, nlimwita tu.

Sasa mie ni fundi wa vioo na alumini. Kabati za duka, madirisha, masanduku ya samaki ya mahoteli, hiyo ndiyo kazi yangu. Unadhani mtu kama mie anamweka mgeni wake kwenye kikombe cha dawa ya kikohozi? Wiki ya pili tu nlikua nishamkatia kasri, kioo cha mili nne, urefu sentimita sitini, kona nimezisaga mpaka zinang'aa, ndani mchanga, jiwe, kijiti, kila kitu. Nikamwachilia humo. Nikatia na mende wawili.

Siku tisa sikumwona. Nikachokoa chokoa, hakuna. Mende wakaishi raha mustarehe, nadhani walinenepa. Siku ya kumi nikamkuta amejikunja chini ya kona ya jiwe, tumbo limekonda limekua kama zabibu kavu, miguu ameanza kuikunjia ndani. Na hiyo ya miguu kukunjika ndani jueni maana yake: buibui hana misuli ya kunyoosha miguu kama sisi, anainyoosha kwa kusukuma maji ya mwili wake ndani ya mguu, kama vile mpira wa bomba unavyojinyoosha ukifungulia maji. Akikauka, presha inashuka, miguu inajikunja. Ukimwona hivo kwanza si chakula, ni maji. Nikamdondoshea matone mawili karibu na mdomo kwa bomba la sindano, akalala juu yake akanywa, dakika ishirini hivi hakutikisika, na miguu ikafunguka taratibu, mmoja mmoja.

Kasri lilikua kubwa mno, basi. Macho anayo manane lakini haoni kitu cha maana, anawinda kwa mtikisiko, kwa hivyo mtoto wa saizi ile ukimtupa kwenye uwanja wa mpira na mende mmoja upande wa goli, hawakutani. Nyumba nzuri ni ile ambayo akinyoosha miguu yake yote ikazidi kidogo, kama mara tatu upana wake na si zaidi sana. Nikamrudisha kwenye kikombe cha dawa kwa aibu. Kwenye kikombe akashuka chini akafuma uzi ukutani mpaka ikawa kama amepaka chokaa ndani, akala siku ile ile.

Kuhusu udongo wa chini, nlihangaika bure. Mitandaoni wanasema mununue unga wa makumbi uliokaushwa ukabanwa kama tofali, unauzwa dola kadhaa. Makumbi! Wallahi nlicheka. Makumbi ya nazi ambayo huku unalipa mtu aje akuondolee. Nikachukua kwa mzee mmoja anayesokota kamba, na hapo nikapata somo lingine, manake ya kamba huwa yamefukiwa kwenye tope la pwani miezi, yana chumvi. Ukionja (usionje, mie nlionja) unajua. Nikatafuta yale makavu yasiyoingia baharini, nikayatwanga kwenye kinu cha zamani, nikayaosha maji matamu mara tatu, nikayaanika. Bure kabisa. Mamangu mpaka leo anauliza kwa nini kinu kimeota nywele.

Sasa kulisha. Alivyokua mdogo nlimpa mara mbili kwa wiki, na kanuni niliyoambiwa ni kwamba kitoweo kisizidi ukubwa wa tumbo lake. Kama ni kikubwa unakikata. Mguu wa mende unatosha kabisa, atauvuta mwenyewe, watoto wao hawabagui kilichokufa. Lakini mie nikiona tumbo lake dogo roho inaniuma, nikawa namzidishia, Jumatatu, Jumatano, Ijumaa, na Jumapili kidogo kwa sababu ni Jumapili. Tumbo likawa kama zambarau. Dogo wa kazini akasema bosi huyu atapasuka, nikamwambia nyamaza, ni afya.

Nlikua naenda Gede mara kwa mara wakati ule kuweka madirisha, na kuna mama mmoja pale anafuga viwavi. Kama hujui, pale kando ya magofu kuna mradi wa Kipepeo, tangu 1993, watu wa vijiji vinavyozunguka msitu wa Arabuko-Sokoke wanalea viwavi mpaka wakawa bundo, mradi unawanunua unawasafirisha nje kwenye nyumba za maonyesho, wanafunguka huko wakiwa vipepeo. Msitu unabaki umesimama kwa sababu wale vipepeo wazazi wanatoka humo humo. Huyu mama ana vizimba vya wavu nyuma ya nyumba, na nlipomwambia Bibie wangu hataki kula siku ya nne sasa, hata hakuacha alilokua anafanya, alikua anapanga majani.

"Kwani amekwambia ana njaa?"

Nikasema hapana.

"Wangu wakiacha kula najua wana safari. Mie huondoka. Wewe ukimtilia majani wakati anataka kugeuka unamharibia."

Nlimsikia kwa masikio. Kwa akili sikumsikia, hiyo ilinigharimu mguu, si wangu.

Ramadhani ya 2024, mwezi wa tatu. Bibie alishafika upana wa kifuniko cha chupa ya jamu, yuko kwenye kopo la maziwa lala la lita moja, na tangu siku ya pili ya mfungo akaacha kula kabisa. Mamangu akafurahi, akawaambia majirani hata buibui wetu afunga, na kuna watu wazima na ndevu zao wanakula mchana. Lakini magharibi ikifika sisi tunafuturu, kaimati, viazi vya nazi, uji wa tende, na mie nikimtazama yule kiumbe amejifungia shimoni ameziba mlango kwa uzi, tumbo limekua jeusi limeng'aa, naona ni dhambi. Usiku wa kumi na kitu nikamtilia nyenje. Mkubwa, mnene, wa kiume. Nikasema akitaka daku hii hapa. Nikalala.

Hizo zilikua dalili zote, mtu yeyote anayejua angeniambia. Kuacha kula, kuziba mlango, tumbo kuwa jeusi: anajiandaa kuvua gamba. Na kuvua gamba kwao si kama nyoka anavyoacha ngozi anaenda. Anatandika kitanda cha uzi, analala chali, miguu juu, ukimwona unasema innalillahi, na kwa masaa kadhaa anajitoa kwenye mwili wake wa zamani, miguu yote minane, meno, mpaka kile kitambaa cha ndani cha tumbo la chakula, na akitoka ni laini kama jibini. Hawezi kutembea. Hawezi kuuma. Nyenje mwenye njaa akimkuta hapo anamla, yeye ndiye chakula.

Nliamka daku saa kumi nikawasha tochi ya simu. Gamba kuukuu liko pembeni kamili kama buibui wa pili, na yeye yuko chali, mweupe mweupe, meno meupe kabisa kama ya mtoto, na yule nyenje amekaa juu ya mguu wa tatu wa kushoto anatafuna. Taratibu. Unamsikia.

Nlimtoa kwa koleo ya nyusi ya dadangu, mkono unatetemeka. Kwenye mguu kuna tone, na si jekundu, damu yao ina shaba badala ya chuma, ina kaubuluu kama maji uliyosuuzia nguo za bluu. Nikakimbilia kwenye simu kuuliza watu, wengine wanasema paka unga wa mahindi uzibe, wengine usimguse, na wakati mie nasoma yeye ameshamaliza habari, akautupa mguu mwenyewe. Aliukata pale pale kwenye ungio la nyonga, kukawa na kidoti tu, hakuna tone tena. Nikakaa jikoni na mamangu, sahani ya daku mbele yangu, sikuweza kumeza. Mamangu akanisukumia chai. Akasema "si ulimkirimu."

Siku ya tatu meno yakawa mekundu kama kahawia, siku ya saba meusi. Mpaka yawe meusi humpi kitu, hawezi kutoboa, na mie sikumpa siku kumi na nne kamili, nikajifunga mikono. Mguu? Uliota. Gamba lililofuata ulitoka mwembamba kama uzi wa kushonea kofia, anautumia kupapasa tu, na lile la baada yake ukawa karibu sawa na wenzake. Jamani.

Tangu hapo nikawa na ndoo. Nakubali hii ndoo ilikua kazi kuliko Bibie mwenyewe. Mende wa mtaani nlishaacha kuwaamini, manake kila nyumba wanapuliza dawa, na kuna siku nlimshika mmoja anayumba yumba kama mlevi nikamtia kwenye kikopo, afu akili ikaniingia: huyu amepuliziwa, na sumu inayomuua mende inamuua buibui vile vile. Nikamtupa. Panzi wa shambani nao hujui wamekula majani ya nani. Kwaivo ndoo ya rangi ya lita ishirini, imesuguliwa mpaka haina harufu, trei za mayai zimesimamishwa ndani wapate pa kujificha, chakula cha vifaranga, maganda ya karoti na sukuma, na maji unaweka kwenye pamba iliyolowa si kwenye kisahani, nyenje ni hodari wa kufa maji kuliko kitu chochote nilichowahi kuona. Kikopo cha mchanga wenye unyevu wanataga humo. Na joto letu hili, wiki mbili hazijaisha wameanguliwa, wadogo kama chembe za pilipili manga. Ukuta wa plastiki hawawezi kuupanda. Tabu ni makelele, madume wanaimba usiku kucha, na kama hubadilishi trei, harufu.

Na nyenje wale walikua chakula salama, basi nikawa mchoyo. Mmoja kwa wiki. Akikua zaidi mmoja kwa siku kumi, kumi na mbili. Ukimtazama tumbo likawa kubwa kuliko sehemu ya mbele kwa nusu tena, unaruka zamu. Akikataa, unamtoa nyenje asubuhi ile ile, hakuna kulaza kitoweo. Maji tu ndiyo hayana mjadala, kifuniko cha soda kimejaa kila wakati. Wakati wa kusi alikaa wiki saba hakula, na mie nikaenda kazini nikarudi kama mtu mzima.

Nyumba ya tatu ndiyo iliyoniumiza kichwa, kwa sababu hapo ndipo ufundi ulinitia kiburi tena. Nikamjengea sanduku zuri la kusimama, refu, kama kabati la kuuzia simu, nimefunga kwa silikoni pande zote lisipite hata chungu. Nikangoja siku saba silikoni ikauke, manake ile inanuka siki na mvuke wake si wa kumpulizia kiumbe, hilo nlilijua la kazi. Kumbe makosa mawili. La kwanza, hewa: kusi ikaingia na unyevu wake, ndani ya sanduku kukawa na ukungu mweupe juu ya makumbi kama sukari. La pili ni urefu. Usiku mmoja nimekaa namtazama amepanda mpaka juu kabisa kwenye kioo, tumbo linaning'inia, nikajisemea angalia sarakasi, akateleza. Pah. Kutoka sentimita arobaini, kwenye jiwe nililoliweka mie kwa mapambo. Tumbo lao ni kama puto la maji, likipasuka hakuna daktari. Alianguka kwa miguu, sijui nani alimwombea. Nlibomoa lile sanduku usiku huo huo.

Alilokaa mpaka mwisho ni hili: upana thelathini kwa ishirini, makumbi nimejaza yamepanda zaidi ya nusu, nimeyabana kwa ngumi ili shimo lisibomoke, na kutoka juu ya makumbi mpaka kifuniko hapazidi mara moja na nusu ya upana wake. Kipande cha gamba la mti kimelazwa, chini yake nimeanza shimo kwa kidole, akamalizia mwenyewe. Upande wa mbele na wa nyuma parspeksi, ile plastiki ngumu inayoonyesha kama kioo, imetobolewa kwa msumari uliopata moto, matundu madogo arobaini kila upande ili hewa ipite ng'ambo. Wavu sikuweka. Kucha zao zinanasa kwenye wavu wa chuma, akijivuta anaacha mguu, na wavu wa nailoni anautafuna. Hiki ndicho kitu kibaya kuliko vyote nilivyotengeneza, ukikiona dukani kwangu hununui. Ndani ya wiki alikua ameshafuma humo kuanzia kona hadi kona, vichuguu, mapazia, mpaka sakafu ya pili, na kwa mara ya kwanza nikamwona anakaa mlangoni jioni miguu imetoka nje, kama wazee wa barazani baada ya alasiri.

Kumhamisha ndiko nisikokutamani. Beseni kubwa la kufulia, ndani yake makopo mawili, brashi laini ya rangi, mlango umefungwa, chini ya mlango taulo. Unamgusa kwa brashi mguu wa nyuma, anatembea mbele, vizuri kabisa, taratibu, unaanza kufurahi, afu hayuko. Hawakimbii hawa, wanapotea mahali wanatokea pengine. Mara moja alinipitia juu ya mkono wa shati mpaka begani akasimama. Nikasimama na mie. Redio ya jirani inacheza taarab, jasho linanitoka, nikahesabu mpaka mia na arobaini na kitu. Akashuka mwenyewe akaingia kopo.

Mwezi wa nne 2025 akavua gamba la nane. Magamba yote nayaweka kwenye kijaluba cha halua, nimeyapanga, la kwanza kama punje ya mchele lina miguu, la mwisho limejaa kiganja. Alivyotoka safari hii alikua tofauti, miguu mirefu, tumbo dogo, mwembamba kama Mmasai, na vile vipapasio viwili vya mbele ncha zimevimba kama glovu za bondia. Miguu ya mbele chini yake ana vindoano. Nikatuma picha, jibu likarudi na vicheko: Bibie ni Bwana. Na ameshabalehe, hatavua tena, hatakua tena. Jike wa aina hii anaweza kukuishia zaidi ya miaka kumi, dume akishafika hapo amebakiwa na miezi, na kazi yake ni moja, kutoka shimoni kwenda kutafuta mke.

Akaacha kula. Akaacha na shimo. Usiku kucha anazunguka, unamsikia kwenye parspeksi, tk tk tk, tk tk.

Mwezi huo huo ndio wale vijana wawili wa Ubelgiji walikamatwa Nakuru wakiwa na chungu wakubwa malkia, kama elfu tano, wamewafungia kwenye vichupa vyenye pamba wakawauze Ulaya. Mwezi wa tano mahakama ikawapiga faini milioni moja kila mmoja. Kijiweni watu walicheka, milioni kwa chungu! Mie sikucheka. Nlikua nakumbuka pamba yangu na vikopo vyangu. Sheria ya wanyamapori ya 2013 haisemi simba na ndovu peke yao, kiumbe wa porini wa nchi hii ni wa porini, na kumweka nyumbani unataka kibali. Sikua nacho. Sikumuuza, sikumsafirisha, lakini kibali sikua nacho, na kusema kweli hata bila ya sheria lile tk tk lilikua limeshanichosha roho. Kwaivo usisome haya ukatoka na kikopo kwenda matimboni. Huyu wangu alinijia na lori.

Nlimuuliza yule dereva mawe aliyatoa timbo gani, akanielekeza, nje ya njia ya Gede. Nikapanda boda baada ya isha, kopo mapajani limefungwa kwa leso, dereva wa boda akauliza ni chakula cha nani. Kule kumenyamaza, mashine zimezimwa, mawe meupe yanaonekana hata bila mwezi, na upande wa juu ambako hawajachimba kuna vichaka na nyasi. Nikalilaza kopo chini ya jiwe nikafungua.

Hakutoka. Alisimama ukingoni, akapapasa jiwe kwa mguu mmoja wa mbele, akaurudisha, akapapasa tena. Kama dakika kumi. Dereva wa boda amezima injini anasubiri, hajui anasubiri nini. Na mie, naona haya kuandika, nlikua nimekuja na kibiriti mfukoni, ndani yake nyenje mmoja, mnene, nlimchagua mwenyewe. Asije akaondoka na njaa. Nikamweka mbele yake pale pale. Akamgusa kwa mguu, akampita juu, miguu yote minane mmoja baada ya mwingine, na yule nyenje hata hakusogea. Akaingia kwenye nyasi. Nikawasha tochi, nyasi tu.

Nyenje nikamrudisha kwenye kibiriti, nikarudi naye. Nlimtia kwenye lile sanduku baya, bado lina makumbi na mapazia yote ya uzi, nikasema kesho nitamwagia ndoo nzima kuku wa jirani na yeye pamoja. Ndoo niliimwaga. Yeye nlimsahau. Anaimba kuanzia magharibi mpaka alfajiri humo ndani ya kasri la mwenzake, peke yake, makelele mpaka chumba cha mamangu, na nlitarajia atanifokea nimtoe. Jana nimeamka nakuta ganda la karoti limepenyezwa kwenye tundu la parspeksi, limekatwa dogo dogo.